Hadithi Iliyosimama Mtoni

Dada yangu Kemi,

Shikamoo. Naiandika nikijua hakuna wa kunijibu marahaba, lakini wewe ndiye uliyenifinya sikio kila nilipopita mbele ya mkubwa bila kusalimia, na finyo zako sijazisahau. Huku Kayanga mvua zimekolea, senene wameanza kuanguka, na mimi bado nafundisha Kiswahili katika shule ile ile uliyosema kengele yake inalia kama sufuria iliyoanguka. Sote tu wazima.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno nililokunyima nikiwa na miaka tisa. Nilikunyima siku ya kuolewa kwako, nikaendelea kukunyima miaka yote iliyofuata, mpaka ukalazwa chini ya migomba ya Murongo nikiwa bado nimelifungia mdomoni. Wiki iliyopita nililitamka, na nimetaka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo univumilie nikieleza mambo unayoyajua.

Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka miwili, wewe kumi na miwili. Ulinibeba mgongoni kwenda kisimani, ukanibeba ukichuma kahawa, ukanibeba hata nilipokuwa mkubwa wa kutembea, maana nilikuwa mjanja wa kujifanya nina mwiba. Baba alikuwa akisema, "Huyo mtoto atakuotea mgongoni kama uyoga." Wewe ulicheka tu ukakaza kanga.

Jioni tulikaa jikoni kwetu Igurwa tukimenya ndizi za chakula, wewe kwa kisu kikubwa, mimi kwa kile kibovu kisichokata hata maganda vizuri. Hapo ndipo ulipokuwa unasimulia. Kwetu msimuliaji haanzi hivi hivi. Husema kwanza, "Nilikuja nikaona." Wasikilizaji huitikia, "Ona, nasi tuone." Ulikuwa unasema kwa Kinyambo, na kwa Kinyambo ni tamu zaidi, lakini maana ndiyo hiyo. Asipoitikiwa, msimuliaji hasogei. Na katikati ya hadithi hulirusha tena neno lile, kuona nani amesinzia. Usipomjibu, msafiri wa kwenye hadithi husimama palepale njiani na mzigo wake kichwani, mpaka mtu amwonee huruma aitikie. Mimi nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa hadi mbuzi wanashtuka.

Kulikuwa na mwiko mwingine: hadithi haisimuliwi mchana, mtu atapotea njia. Wewe uliuvunja mara moja tu.

Ilikuwa siku ya harusi yako. Uani wanaume walikuwa wanakunywa pombe ya rubisi na wakwe zako wa Murongo, wamama wanageuza ndizi kwenye masufuria makubwa, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala la kahawa, nimenuna. Ulinitafuta mwenyewe, hukumtuma mtu. Ulikuja umeshapakwa samli, unang'aa, ukakaa chini kwenye majani makavu na nguo zako mpya. Ukasema, "Koku, jioni nitakuwa sipo. Nikusimulie sasa hivi." Kisha ukasema, "Nilikuja nikaona." Nikaitikia kwa shingo upande.

Ukanisimulia hadithi ambayo sikuwahi kuisikia. Palikuwa na msichana, moto wa nyumbani kwao ukazimika siku mama yao alipokufa. Nyumba ikakaa baridi, ndizi zikaliwa mbichi. Msichana akaamua kwenda kuomba moto ng'ambo ya mto, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia mdogo wake, akambeba mgongoni. Akapita msituni, akapita kwenye vichuguu ambako mchwa walimuuliza majina ya babu zake wote, akayataja. Akafika mto Kagera umejaa. Mto ukamwambia, "Navusha mmoja. Wa pili abaki ukingoni."

Hapo ukanyamaza. Ukanitazama, ukasema taratibu, "Nilikuja nikaona."

Sikuitikia. Dada, nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Nilijua yule wa mgongoni ni nani, na nilijua nikisema tu lile neno, msichana atamshusha mdogo wake avuke. Nikafikiri: nikinyamaza, hatavuka. Atabaki pale pale, na wewe utabaki hapa hapa. Ukarudia, "Nilikuja nikaona." Nikauma midomo. Ukarudia mara ya tatu, na sauti yako ikakatika katikati. Kisha wakakuita. Ukasimama, ukajipangusa majani, ukasema, "Basi atakusubiri hapo mtoni." Ukaenda.

Lakini kunyamaza kwangu hakukuzuia hata gari lililokuja kukuchukua.

Baadaye ulikuja mara nyingi, kila Krismasi, kila msiba. Ulinipa zawadi, ulinitania, ulinisomesha mpaka nikawa mwalimu. Lakini hukunisimulia tena hata hadithi moja. Nilipoingia jikoni ukiwasimulia watoto wako, ulikatisha, ukaniuliza habari za shule. Nilidhani umenikasirikia. Nami sikutaka kuuliza, kwa sababu sisi wawili, kama Baba alivyosema, ukaidi tuliunyonya kwenye titi moja.

Halafu tazama kazi niliyojichagulia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu na chaki, naandika ubaoni: safari ya mhusika. Anaondoka, anajaribiwa, anarudi amebadilika. Nawaambia kwamba safari katika hadithi ni kuvuka kutoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine, kwamba mto si mto tu. Wanaandika, wanapigia mstari. Mwaka huu binti mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na wale waliobaki nyumbani, wao siyo wahusika?" Nikamjibu hilo haliji kwenye mtihani. Darasa likacheka, nami nikacheka, kisha nikatoka nje kujifanya napokea simu.

Ulipougua nilikuja Murongo. Ulikuwa umelala, huwezi kusema, unafumbua na kufumba macho. Nilikaa pembeni ya kitanda nimekushika mkono, na neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Chumba kilikuwa kimejaa wakwe zako, wazee wa kanisa, jirani zako wa pale mpakani. Nikaona aibu. Mwalimu mzima, mtu mzima mwenye mvi, aanze kuitikia hadithi ya watoto mbele za watu? Nikajiambia nitasema wakitoka, lakini hawakutoka. Asubuhi yake ulikuwa umeshakwenda. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko ile ya utotoni, kwa sababu ya utotoni nilikuwa na sababu.

Sasa nikuletee habari. Binti yako Atugonza amepata ajira ya uuguzi, amepangiwa Tunduru. Nilipotazama kwenye ramani nikakaa chini. Hapa petu ni juu kabisa kule pembeni, na Tunduru ni chini kabisa upande wa pili. Alikuja kwangu kwa bodaboda kutoka Murongo, amelowa mvua, na begi moja. Akaniambia, "Shikamoo mama mdogo, nimekuja kulala kwako siku mbili kabla sijapotea." Anacheka kama wewe, meno yote nje, lakini begi hakutaka kulitua.

Siku ya pili mchana tulikaa kumenya ndizi. Nilimpa kile kisu kizuri. Akamenya mbili, tatu, akasema bila kuinua macho, "Mama mdogo, kuna hadithi yako iliyobaki."

Nikamwuliza, "Ipi?"

"Ya msichana aliyekwenda kuomba moto. Nyingine zote Mama alitusimulia mpaka mwisho, ila hiyo. Akifika mtoni anaacha. Sisi tunalia, mama malizia, anasema, 'Hapo pana mwenyewe. Yuko Kayanga. Hajaitikia bado.' Mimi nilikua nikijua hivyo ndivyo inavyoisha."

Dada, kisu kiliniponyoka. Kumbe hukuwa umekasirika. Miaka yote ile uliniwekea mahali pangu, hukumruhusu hata mwanao wa kuzaa apakalie. Na mimi nilikuwa naingia jikoni kwako, nasimama mlangoni, nasubiri uniombe.

Atugonza akaniangalia nikilia, akaogopa kwamba amekosea. Nikamwambia hajakosea, asimulie. Akasema ni mchana, atapotea njia huko Tunduru. Nikamwambia mama yako alinisimulia mchana, na mwenye kupotea nilikuwa mimi, sasa anza. Akaanza. Alikuwa na sauti yako hasa, hata pale kwenye mchwa ambapo wewe ulikuwa unabana pua. Akafika mtoni. Mto ukasema navusha mmoja. Akaweka kisu chini, akanitazama, akasema, "Nilikuja nikaona."

Nikaitikia, "Ona, nasi tuone."

Nikangoja. Nikamwambia, "Endelea basi." Akasema, "Mama mdogo, mimi sijui. Mimi nimeishia hapo." Tukaangaliana, tukaangua kicheko mpaka jirani akachungulia uani. Miaka yote nimelibana neno, na siku niliyolitoa hakuna wa kunipa mwisho! Ningekusikia ukisema: shauri yako.

Basi ikabidi nimalizie mimi. Sijui kama ndivyo ulivyokuwa umepanga. Nilimwambia msichana alilia pale ukingoni, akakataa kuvuka, na maji yakazidi kupanda. Ndipo yule mdogo wa mgongoni, ambaye tangu mwanzo wa safari hakuwa amesema kitu, akasema, "Dada, nishushe. Mimi miguu ninayo. Wewe nenda ukaone, nami nitakaa hapa nikiimba, ili usipotee njia ya kurudi." Msichana akamshusha. Akavuka. Na mdogo akaimba pale ukingoni mpaka akawa mkubwa.

Atugonza akauliza, "Na moto? Alirudi nao?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikamwangalia, amekaa kwenye kigoda changu, maganda yamejaa miguuni pake. Nikasema, "Yeye hakurudi. Alimtuma binti yake aulete." Akainama akaendelea kumenya.

Nilichokielewa, dada, nimekielewa nikiwa nimechelewa, lakini nimekielewa. Lile neno ni ruhusa. Anayesema "ona, nasi tuone" anamwambia mwenzake: nenda, macho yako yatakuwa yangu. Siku ile nyuma ya ghala hukuwa umekuja kuniaga. Ulikuwa umekuja kuomba ruhusa kwa mtu pekee aliyekuwa na haki ya kukukatalia, naye akakukatalia, na ukaondoka hivyo hivyo na moyo mzito. Nisamehe. Na yule binti wa kidato cha tatu nimeshamjibu. Nimemwambia aliyebaki ni mhusika, tena bila yeye safari haianzi.

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza Atugonza stendi. Nilimfungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba kama ulivyokuwa unawafungia wasafiri, na senene wa kukaanga kopo zima. Akasema, "Huko wataniona nakula panzi, watanikimbia!" Nikamwambia watakaobaki ndio marafiki. Alipanda basi. Nilidhani nimeshinda, sikulia. Basi lilipoanza kurudi nyuma akafungua dirisha, akatoa kichwa na mkono, akapaza sauti kwa Kinyambo stendi nzima ikasikia, "Mama mdogo! Nilikuja nikaona!"

Palikuwa na watu, dada. Walikuwapo waendesha bodaboda, wauza chai, mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, na mchungaji wetu na mkoba wake. Wote wakageuka kunitazama.

Nikaitikia kwa sauti yangu yote, ile ya kushtua mbuzi.

Na sasa nakuitikia wewe. Umesimama mtoni vya kutosha na mtoto mzito mgongoni. Nishushe, dada. Miguu ninayo.

Ona, nasi tuone.

Mimi mdogo wako uliyenibeba,
Koku