Nyuzi za Litungu la Baba

Bweri,
Musoma.
28 Agosti 2025

Mpendwa kaka Mniko,

Shikamoo kaka. Baridi ya Tunduma mmeizoea, au bado mnalala na masweta? Wifi Flora na watoto hawajambo? Sisi huku kwangu tu wazima, Mungu anatubeba. Mama anakula vizuri, ila goti linamsumbua, na tangu Baba atutoke mwezi wa tatu hapendi tena kukaa nje jioni.

Mahindi ya Butiama hayakutoa kitu mwaka huu. Mtama ndio umetusitiri.

Sasa kaka, nikueleze ngoma ya nyuzi. Ilifanyika Jumamosi, uwanja uleule wa kijijini, na watu walijaa. Wa Bunda walikuja na pikapu mbili, wakaleta na spika, wazee wakawaambia wazirudishe kwenye gari. Matungu yanasikika yenyewe. Ungecheka.

Utaratibu wetu unaujua. Mpigaji akifa, ngoma inayofuata litungu lake linalazwa kwenye kigoda chake, nyuzi zimelegezwa. Mtu wa nyumba yake asipolishika na kupiga wimbo wa marehemu, wazee wanakata nyuzi mbele ya watu na halipigwi tena. Nilikukumbusha kwa simu, ukanijibu umeokoka, litungu ni mambo ya dunia. Haya. Ila huyo Daudi wa kwenye Biblia alikuwa anapiga kinubi, na kinubi ni nini kama si litungu lenye jina la mjini?

Mzee Masatu aliita, "Nyumba ya Nyamhanga!" Mama akainamisha kichwa. Mzee akaita tena. Niliumia kaka, sikufichi, maana niligundua naangalia barabarani. Pamoja na maneno yako yote, nilikuwa bado nakungoja wewe.

Mzee akatoa kisu.

Sijui miguu ilinyanyukaje. Mwanamke hajawahi kukalia vigoda vile, unajua mwenyewe. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mama anakwenda wapi?" Nikamjibu, "Nakwenda kwa baba yangu." Nikakaa.

Vidole vya Baba vilivimba sana ile miaka ya mwisho aliyoishi kwangu. Mimi ndiye nilikuwaga namkazia nyuzi. Yeye anafumba macho, anasikiliza, anasema, "Bado. Bado. Haya, basi." Basi pale uwanjani nilizikaza zote nane, moja moja, na kila uzi nilikuwa namsikia. Kisha nikazipitia kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, mara mbili, kama alivyokuwaga anafanya kabla ya kuanza.

Weee! Uwanja mzima ukaitikia, kama walivyokuwaga wanamwitikia yeye. Na Mama aliitikia.

Halafu nikaishia hapo. Kukaza najua, wimbo wa Baba siujui. Watu walingoja, na mimi nimeshika nyuzi, nikaanza kulia mbele ya wote kama mtoto.

Mzee Masatu akarudisha kisu kwenye ala. Alisema nyuzi zimekazwa, kwa hiyo watangoja wimbo, lakini mwisho ni mwakani. Usipopigwa, atakata, na sina la kumlaumu.

Wimbo ule Baba alikufundisha wewe peke yako. Sikwambii uache wokovu wako. Njoo Krismasi. Ukiona vibaya kulishika litungu mwenyewe, kaa pembeni uniimbie, mimi nitatafuta kwa vidole mpaka niupate. Tutafunga mlango, mchungaji wako hatasikia.

Shangazi Nyangi anakusalimu, anauliza kama umeshanenepa. Gati wangu anasema asante kwa viatu, vinambana kidogo lakini hataki kuvivua. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie dagaa wake nimeshamkaushia.

Litungu nimelitundika ukutani kwangu. Kila jioni nalishusha, nakaza, nazipitia nyuzi mara mbili, nafika pale Baba alipokuwaga anaanzia. Naishia hapo. Mama yuko chumba cha pili, na yeye anangoja.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani na akulete.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,
Matrida