Mama na Nyufa za Barafu

Jumamosi, Rujewa

Kumbe ile mistari mitatu iliyonisumbua wiki nzima ni vivuli vya mawingu tu! Na aliyegundua ni mama, ambaye barafu pekee aliyowahi kuiona ni ya kwenye friji. Mimi pia, tukisema ukweli.

Mchana nilikaa barazani na laptop, nikiweka alama kwenye nyufa za barafu ya bahari katika picha za setilaiti, kazi yangu ya shahada. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akasogea, akainama.

"Hii mistari ni nini?"

"Ni nyufa, mama. Huko Ncha ya Kaskazini bahari imeganda, sasa barafu inapasuka."

"Huu sawa. Lakini huu hapa siyo ufa. Ufa kingo zake zinafanana, ukizirudisha zinashikana. Si unaona jaruba la mpunga likikauka?"

Niliudhika, kwa kweli. Halafu nikafungua picha ya siku iliyofuata. Nyufa zipo, mstari haupo; kilikuwa kivuli cha wingu. Nikaangalia mingine miwili niliyoitilia shaka, nayo haipo.

Msimamizi wangu alishasema nikikosea tena, kazi atampa mwingine. Hofu hiyo nimetoka nayo chuoni Iringa, sijamwambia mtu. Nikafuta ile mitatu, nikamtumia msimamizi nyufa zilizobaki. Jioni akajibu: "Hizi ni sahihi. Endelea."

Nikakimbia kumwambia mama. Nikamkuta kwenye simu na shangazi.

"Ndiyo wifi, anasomea barafu," anasema. "Ila anayemsahihisha ni mimi."