Chumba cha Mbele, Magomeni

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila sijazoea kuanza kuongea na wewe bila hiyo.

Tangu tumalize arobaini yako sijalala vizuri. Kaka Kassimu anataka tuiuze nyumba. Mteja keshampata, mtu wa maghorofa, na alikuja naye hapa bila kuniambia. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia viatu ukumbini, nikatoka na mapovu mikononi. Yule bwana alikuwa anagonga ukuta kwa kidole kama anachagua tikiti maji.

"Za udongo hizi," akasema. "Siku moja tu zinashuka."

Mtaa wenyewe usingeutambua. Kwa Bi Tatu kumeota ghorofa, jua linatufikia uani mchana tu. Baraza aliyokuwa akiuzia vitumbua sasa ni geti la magari. Nyumba za Kiswahili zimebaki za kuhesabu, Mama, na yetu ni mojawapo.

Kinachonitia hofu ni chumba cha mbele. Wewe ndiye uliyenisimulia, tukichambua mchele: bibi na wenzake wa ngoma walikutana humo enzi za Mwingereza, wakipanga mambo ya uhuru. Mmoja alibaki barazani anapiga ngoma, askari akipita asikie wanawake wanacheza tu. Ukacheka, "Na bibi yako alikuwa hajui kucheza hata kidogo." Kule mjini majengo yana vibao vya historia. Habari zetu za huku zilikuwa mdomoni mwako, na wewe umeshaondoka.

Nikaenda ofisi ya mambo ya kale. Dada mmoja akaja kupiga picha, akasema nyumba inafaa kuhifadhiwa, ila warithi wote wakubali na kusaini. Nikampelekea Kaka habari hiyo kwake Bunju.

Hakufoka. Alisema, "Mwanaidi, mie nalala na mke wangu na wanangu wote chumba kimoja. Unataka nihifadhi nini?"

Nilikuwa sijui, Mama. Kila Idi anakuja na kanzu imenyooka, anasema mambo mazuri.

Nikamwambia ahamie nyumbani. Wapangaji wa upande wa kulia wameondoka, vyumba vyao avichukue yeye. Akauliza, "Paa bado linavuja?" Nikasema linavuja. Tukacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Wamehamia Jumamosi. Alitaka kuweka kitanda cha watoto chumba cha mbele, nikamzuia. Akauliza kuna nini humo. Miaka yote nilidhani anajua. Nikamsimulia yote, askari, ngoma, bibi asiyejua kucheza. Akakaa chini kwenye godoro.

"Mama hajawahi kuniambia hilo," akasema.

Kwa nini hukumwambia? Yeye pia ni wako.

Kitanda amekipeleka chumba kingine, lakini karatasi ya mambo ya kale hajaisaini. Mteja bado anampigia. Simu yake ikilia naacha ninachofanya nasikiliza anavyojibu. Masika yanakuja, na ukuta wa nyuma umeanza kupasuka. Naogopa, Mama. Naogopa nyumba itaanguka, naogopa zaidi tutagombana.

Ila nakuahidi hivi: asaini asisaini, sitamnunia kaka yangu. Na wanawe nitawasimulia wote, wa kike na wa kiume, nisimbague hata mmoja.

Pumzika, Mama. Mungu akutilie nuru hapo ulipo.

Mwanao,
Mwanaidi