Kibao cha Jiwe la Moa

Moa, Ijumaa

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima, na mahamri yako yamenifikisha.

Kile kibao cha Serikali nilichokipaka rangi uani kwetu, leo nimekisimamisha kando ya jiwe lenyewe. Mama, usidhani ni jiwe la kukalia! Limesimama peke yake porini, refu kuliko watu wawili, na hakuna ajuaye ni nani aliyelisimamisha. Nilipofika chini yake nilivua kofia bila kuambiwa.

Nikiwa nashindilia udongo akaja bibi mmoja, Bi Mwanaidi, na kata ya maji. Anasema kila Ijumaa huliosha jiwe, kisha huweka kiganja na kumtaja mwanawe aliyekwenda vita vya Burma, hajarudi mpaka leo. Akauliza, "Baba, hapo pameandikwaje?"

Maneno unayakumbuka: jiwe hili linalindwa na Serikali, ni marufuku kuligusa. Nikamsomea la kwanza. La pili nikaliruka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa tuko wawili wa kulilinda."

Akanishika mkono, akaupeleka kwenye jiwe. Pana kishimo kilicholika kwa viganja vya watu wa tangu na tangu, na changu kikaenea humo kama nimepimiwa. Jua la saa saba, na jiwe la baridi! Nywele zilinisimama. "Mtaje wa kwenu, mpate kuonana tena," akaniambia.

Nikakutaja wewe, Mama. Ukiniona narudi salama, ujue nimevunja amri niliyoiandika mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Salimu