Nyumba ya Mama Bondeni Chisenu

Baba, shikamoo.

Najua unacheka kuona nakuandikia barua, mimi niliyekuwa nakimbia hata insha za shule. Lakini sina mwingine wa kumuuliza habari za Chisenu. Bonde hilo tulilitunga wawili, wewe na mimi, kwenye meza ya chakula hapa Chang'ombe, na sasa nimebaki peke yangu na ramani yake.

Unakumbuka nilipougua surua? Ukaniletea karatasi ngumu kutoka ofisi ya ardhi, ulikokuwa mchora ramani, ukachora mto. Ukasema mto wa Chisenu hushuka mashariki wakati wa masika, na kiangazi hurudi ulikotoka kwenda kulala. Mimi nikaongeza mlima wa chumvi, maana nilidhani maji yetu ya bomba, yenye chumvi, yanatoka huko. Ulicheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Historia uliitunga wewe: watu wa kwanza waliingia bondeni wakitembea kinyumenyume, ili njaa iliyowafuata ikiona nyayo zao idhani wanakuja, kumbe wanaondoka. Ndiyo maana milango ya tembe zao zote, zile nyumba za udongo za paa bapa, inatazama huku kwetu.

Kila kitu tulichora kwa penseli. Penseli ni ya mahali tunapodhani, ulinifundisha, na wino ni wa mahali mtu amefika. Nikiwa na miaka tisa niliutia mto wino, nikifikiri nitakufurahisha. Ulinigombeza kama nimechoma nyumba. Kisha ukachukua wembe ukakwangua ule wino taratibu, asubuhi nzima. "Hakuna aliyefika huko, mwanangu," ukasema mwishoni. "Tusiwaonyeshe njia." Sikuuliza akina nani. Nilitaka tu unisamehe.

Tulipotoka kukuzika kule kijijini Zuzu, niliifungua ramani. Ng'ambo ya mto, pale tulipoacha patupu, kulikuwa na tembe mbili. Moja ya wino, imekamilika mpaka na moshi juu ya paa. Ya pili ya penseli, na kando yake jina la Mama kwa mwandiko wako. Nililia sana, Baba. Niliona ni mapenzi, umemwandalia mwenzio mahali. Nikaikunja nikairudisha kabatini.

Wiki iliyofuata Mama akaacha ugali. Nikaitazama tena ramani, na ukuta mmoja ulikuwa umetiwa wino. Akaacha na uji, zikawa kuta mbili. Chupa yako ya wino ilikauka tangu ulipostaafu. Niliitikisa, haina kitu. Na Mama, ambaye hakuwahi kuijali michoro yetu, akaanza kusema mchana kweupe, macho kodo, "Maji ya kule hayana chumvi. Baba yako ameshachota." Hospitali walipima wee, hawakuona ugonjwa. Jumatano kuta zilikuwa tatu.

Nilikasirika. Nakupenda, nakulilia hata nikichambua mboga, lakini nilikasirika. Wewe umeishi naye miaka arobaini. Mimi ndiyo kwanza nina miezi miwili naye peke yangu, na nyumba ilishaanza kuwa na baridi. Nikachukua wembe. Nilikwangua kama ulivyokuwa ukikwangua wewe, bila kukandamiza, ukuta mmoja mmoja, mpaka karatasi ikaota manyoya. Kisha nikafuta jina.

Nikasikia kitanda kinalia. Nilipoingia chumbani, Mama alikuwa ameketi, miguu chini, anautazama ukuta.

"Nani kanibomolea nyumba?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ni mimi. Akajifunga khanga yake vizuri, kisha akauliza kama kuna mlenda uliobaki.

Anakula sasa, na jana amefagia uwanja mwenyewe. Ila tembe yako, Baba, nimeikuta mlango uko wazi, na moshi haupo tena. Najua umemsubiri. Nisamehe, sijui kama huko mtu hupika mwenyewe.

Siku Mama akichoka kweli, akaniambia kwa mdomo wake, nakuahidi nitamjengea mimi, kuta zote nne, na nitamsindikiza mpaka mtoni. Kwaheri, Baba yangu. Na upweke ukikuzidi kabla ya siku hiyo, usimwite yeye. Niite mimi.

Mwanao