Kabla Kabula Hajaitikia Hodi

Ijumaa, Shanwe. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto limebana, hata kuku wamejikunyata ukutani. Siku hii sijaipenda tangu nilipoamka.

Mama mkwe anakuja kesho kutoka Kibaoni, kwa basi la asubuhi.

Wanaonisoma hapa wanajua nina kigugumizi. Kinachonishinda kuliko vyote ni K, na K huwezi kuikwepa katika nchi hii. Mtu akipiga hodi, lazima umwambie karibu. Naweza kusema "ingia", inatoka vizuri tu, lakini mama mkwe haambiwi ingia kama kuku. Mara ya kwanza alipokuja alipiga hodi, akapiga tena, nami nimesimama nyuma ya mlango mdomo wazi, shingo imekaza. Nilipofungua, alikuwa ameshafika barabarani na mzigo wake.

Majirani nao walisema nina mkono wa birika, sitaki mgeni aone chungu. Mwanaume akikwama wanamcheka, wanampa jina la utani, yanaisha. Mwanamke akikwama ana kiburi, au kuna jambo anaficha.

Kwa mama yangu Kasokola, kwenye ukoo wetu uliotoka Burundi zamani, wananisubiri. Wanaangalia chini mpaka nimalize, hata uji ukipoa. Ukweni kwangu ni Wasukuma, watu wa ng'ombe na sauti kubwa, na wanaonipenda zaidi ndio wanaonimalizia sentensi. Mama mkwe yeye anaamini kigugumizi kinaambukiza: mtoto akimwiga mwenye nacho, kinamhamia.

Ndiyo maana safari iliyopita hakubandua macho kwa binti yangu. Kabula ana miaka minne. Jina alilichagua bibi yake, na mimi niliyemzaa siwezi kuliita, namwita Mwanangu. Bibi aliniambia mbele ya mume wangu, kwa upole kabisa:

"Siku nikisikia huyu mtoto anakatakata maneno kama wewe, nambeba. Simwachi hapa hata usiku mmoja."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akaendelea kunywa.

Leo asubuhi jirani yetu, Mama Deo, alipiga hodi kuazima ungo. Kabula ndiye mdomo wangu. Akisikia hodi anakimbia kuniwahi, anamkaribisha mgeni kwa sauti inayosikika mpaka nyumba ya tatu. Leo naye alikimbia, akafika mlangoni, akafungua mdomo.

"Ka-ka-ka..."

Mama Deo akacheka. "Wewe! Acha kumwiga mama!"

Mimi sikucheka. Nilimwona mwanangu akikaza shingo, na mtoto anayeiga hakazi shingo.

Mchana nikampigia mume wangu simu, nikamweleza, ikachukua muda. Akasema, "Itapita tu hiyo. Mama akija we nyamaza, usimjibu kitu."

Ninyamaze! Kwao mkwe akinyamaza amekubali. Naogopa, acha niandike wazi. Naogopa kesho jioni nguo za mwanangu zitakuwa Kibaoni, na kila mtu atasema mama yake hakukataa.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho hodi ikipigwa, nitamwahi Kabula. Nitasema "karibu" mimi mwenyewe, hata ikichukua mpaka chai ipoe, bibi asimsikie mtoto kabla hajanisikia mimi. Na akimsikia hata hivyo, akamshika mkono, nitasema hapana. Hapana haijawahi kunikwama. Sijawahi tu kumwambia mama mkwe.

Nilijaribu jikoni, peke yangu mbele ya sufuria ya maharage. "Karibu" ilitoka laini, kana kwamba anaongea mtu mwingine. Nikarudia, ikatoka tena. Nikataka kucheka kwa furaha. Nilipogeuka, Kabula alikuwa amesimama ananiangalia midomo, na ya tatu ikagoma. Alinisubiri, kama wanavyonisubiri Kasokola, mpaka nikaona haya.

Sasa hivi yuko mlangoni anacheza mchezo wa wageni peke yake. Anatoka nje, anapiga hodi, halafu anakimbilia ndani ili aitikie mwenyewe.

Hodi imetoka nzima.

Bado nasubiri jibu.