Mkwe Anapita Mlango wa Nyuma

Jumanne, 17 Desemba

Nimekaa barazani hadi saa tatu, kama ilivyopangwa, ili Oliva afagie sebule. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu. Oliva alikohoa mara mbili kabla ya kuingia na mara moja alipotoka. Anajifunza.

Ratiba nimeibandika kwenye mlango wa jiko. Hadi saa tatu asubuhi sebule ni yake. Baada ya hapo ni yangu. Mlango wa mbele ni wangu, wa nyuma ni wake. Kwenye bomba la uani tunapishana kwa kukohoa. Katika ukoo wetu wa Kinyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono wala hawali meza moja. Ni heshima. Marehemu mke wangu aliishika heshima hiyo kwa baba yangu na hakupungukiwa na kitu.

Amba, mwanangu wa pekee, alifika na mkewe Jumamosi kutoka Iringa. Huko ndiko wanakoishi, jirani kabisa na wazazi wa Oliva. Ni Krismasi yao ya kwanza tangu waoane. Kwangu ni ya pili tangu niwe mgane. Amba ameahidi kwamba wataila hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, nyumbani kwake alikozaliwa.

Nataka Krismasi hii. Sitaki kuigawa na mtu.

Alhamisi, 19 Desemba

Jua limetoka saa nne. Wamefua.

Nilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia. Amba ameshika shuka upande huu, mkewe upande ule, wanalisokota. Sikuwahi kumwona Amba akishika nguo mbichi. Oliva alikuwa amenipa mgongo. Mgongo wake ninaujua vizuri sasa. Sauti yake pia.

"Wewe, kaza mkono! Kwenu mnakamua shuka au mnalibembeleza?"

"Nabembeleza. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Mwone! Usinichekeshe, litaanguka."

Shuka likaanguka kwenye matope. Wakacheka hadi Oliva akachuchumaa.

Nilikohoa. Kicheko kikakatika palepale. Oliva akaokota ndoo akazunguka nyuma ya jiko.

Sikuwa na haja ya kutoka nje. Nilitaka tu wanyamaze. Mimi na mama yake Amba hatukuwahi kufua pamoja. Hakuna aliyetukataza.

Mchana Amba aliniletea chakula akakaa kula nami. Matonge manne, akasema ameshiba. Baadaye nikamsikia jikoni anaomba aongezewe mchuzi.

Ijumaa, 20 Desemba

Amba amezungumza kwa simu na Mzee Kihwele, baba yake Oliva. Ni fundi seremala. Amempa Amba nafasi katika karakana yake na anamfundisha kazi. Walizungumza muda mrefu kuhusu paa la jiko la huko Iringa.

"Ndiyo, baba. Hapana, baba. Ah, baba nawe!"

Mimi huniambia "ndiyo" na "sawa".

Mzee huyo nimekutana naye mara mbili tu. Nina wivu naye. Nimeliandika, limebaki hapo.

Jumapili, 22 Desemba

Kanisani. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya matope. Mzee wa kanisa akanielekeza kwenye benchi la nne, palipobaki nafasi. Waliokaa hapo ni Amba na Oliva.

Sikukaa. Nilirudi nyuma nikasimama karibu na mlango. Nilisimama ibada nzima, na mahubiri hayakuwa mafupi. Vijana wawili walinipisha, nikakataa. Watu waligeuka. Walinitazama mimi, kisha wakamtazama Oliva. Wengi wanaoabudu hapa ni wageni kwa mila zetu. Sijui walifikiri nini.

Kabla ya wimbo wa mwisho Oliva alitoka nje, kichwa ameinamisha, leso mdomoni. Alipita upande wa pili, mbali nami.

Nilijiona nimeshinda jambo fulani. Jioni miguu iliuma na ushindi wenyewe sikuuona tena.

Amba hakula nami leo.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimefanya jambo baya. Nitaliandika lilivyo.

Saa tisa mchana Amba na mkewe walikwenda sokoni. Simu ya Amba ilikuwa sebuleni inachajiwa. Ikaita. Jina lililotokea ni "Baba". Kwa kitambo nilidhani mimi ndiye ninayempigia. Kisha nikaelewa. Nikapokea.

"Kamwene, Mwalimu!" Mzee Kihwele alinisalimu kwa Kihehe, alifurahi kunisikia. Alitaka kujua kama watoto wanakwenda Iringa kesho. Jana Oliva alimwambia mama yake kwamba huenda wangeondoka mapema.

Mimi sikuwa nimeambiwa.

Nikasema, "Hawaji. Wameamua kubaki kwangu."

Uongo. Niliusema kwa sauti ileile niliyotumia darasani kwa miaka thelathini na minne.

 Akasema, "Basi ni vyema. Nilimwambia mama Oliva tusimng'ang'anie kijana, ana baba yake. Sisi tunakula naye mwaka mzima. Huwa nahofia kwamba nakuibia mtoto, Mwalimu."

 Nilimwandalia mtu huyu chuki ya miezi minane, naye alikuwa akinihurumia.

"Ila nikuulize," akasema. "Binti yangu amekukosea nini? Mama yake anasema analia. Hata jina lake hujawahi kulitaja."

Nikamweleza kwamba ni mila. Kwetu ni heshima.

"Ameelezwa?"

"Mumewe anaijua."

"Sikuulizia mumewe, Mwalimu."

Tukaagana kwa adabu. Simu nikairudisha mahali pake.

Nimefikiri jioni yote. Ni kweli. Hakuna aliyemweleza. Amba alimwambia tu kwamba baba hapendi kuonwa. Mimi nilibandika ratiba. Msichana wa Kihehe, kwao anakula sahani moja na baba yake, anafika hapa anakuta karatasi mlangoni inayomwambia apite nyuma. Angefikiri nini?

Jumanne, 24 Desemba

Wameondoka kwa basi la saa moja.

Amba alizungumza na Iringa mapema asubuhi. Alikuja barazani. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Tulikuwa hatujaamua kuondoka. Oliva alisema tuvumilie hadi Krismasi ipite, asikuharibie sikukuu. Sasa baba, kwa nini umemdanganya baba?"

Nikamuuliza, "Baba yupi?"

 Akaingia kufunga mabegi.

Nimeyarudia maneno yake mchana kutwa. Walikuwa hawajaamua. Krismasi niliyokuwa nikiipigania nilikuwa nayo tayari mkononi, na aliyekuwa akinitetea ni yule wa mlango wa nyuma.

Kabla ya kuondoka Oliva alipiga magoti nje ya mlango wa jiko. Niliuona ukingo wa kanga yake chini ya mlango.

"Shikamoo. Tunakwenda. Krismasi njema."

"Marahaba," nikauambia mlango. Nilitaka kuongeza jina lake. Sikuongeza.

Saa nane dada yangu Tusekile alifika kutoka Mbalizi na mkungu wa ndizi na kuku jike, miguu imefungwa. Alikuja kupikia sikukuu. Akaikuta nyumba tupu. Akaisoma ratiba yangu yote, amesimama, mkungu bado kichwani.

"Kaka, hii ni nyumba au kituo cha mabasi?"

Nikamweleza yote, pamoja na uongo. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Mila unaijua au umeisoma nusu? Baba mkwe ndiye anayeifungua. Anampa mkwe mnyama jike, mzima, mbele ya watu wake, anamtaja jina. Zamani alikuwa ng'ombe. Siku hizi hata kuku. Basi, mnaonana. Mbona ulimwacha mtoto wa watu azunguke uani kama mwizi?"

Nilimwambia naijua. Niliijua siku zote.

"Kwa hiyo?"

Kwake sikujibu. Hapa nitajibu. Nilipenda azunguke. Kila alipopita nyuma, mlango wa mbele ulibaki wangu, na niliona kwamba Amba naye amebaki wangu. Niliita wivu heshima. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu maisha yangu yote, na hili nililiacha lipite kwa sababu lilikuwa langu.

Tusekile amemenya ndizi, amepika, hataki kunitazama. Kuku hakuchinjwa. Amemwekea mahindi chini ya meza.

"Huyo kesho anasafiri," amesema.

Jumatano, 25 Desemba. Iringa

Naandika kwa Mzee Kihwele, chumba cha wageni, kabla ya giza.

Basi liliondoka saa kumi na mbili likiwa nusu tupu. Kuku alikuwa kwenye kapu miguuni pangu. Kondakta akauliza, "Mzee, huyo wa kapuni ana tiketi?" Abiria wakacheka. Mama mmoja akasema, "Mwacheni, anampeleka kwao kwa likizo." Nilikuwa nimekunja uso tangu kituoni. Huko Chimala, kuku alipotaga yai kapuni, nikacheka nami. Yule mama akalifunga yai kwa kitambaa akanipa.

Tambarare za Usangu zilikuwa za kijani na ng'ombe wengi. Makambako, mvua. Mafinga, baridi. Saa saba na nusu nilikuwa Iringa. Sikuwa nimempigia mtu. Niliogopa kuambiwa nisije.

Walikuwa wakila nje, chini ya turubai. Mzee Kihwele, mkewe, ndugu kadhaa. Amba alisimama. Hakunijia.

Oliva alikuwa amebeba hotpoti. Aliponiona aliiweka chini, akajifunika kanga usoni na kukimbilia nyuma ya nyumba. Katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Mbele ya watu wake. Nilikuwa nimemfundisha vizuri.

Sijapata kuona aibu kama ile.

Nilibaki nimesimama na kapu. Mzee Kihwele akanyoosha mkono kunikaribisha. Nikamwomba asubiri. Nikaita, "Oliva."

Sauti ilitoka kama ya kuita mahudhurio. Nikarudia kwa sauti ya chini zaidi.

Mama yake alikwenda kumchukua. Alikuja ameinamisha uso, anavuta miguu. Nikamtoa kuku. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Makambako, yakanitoroka. Nilisema hivi: kwetu mkwe hapiti nyuma kwa sababu ni mchafu, anapita nyuma kwa sababu ni wa thamani, na mimi sikukueleza. Nikasema, nilikuwa na wivu. Na uongo wa juzi ni wangu, mumeo hakuhusika.

 Kuku ndiye aliyejibu kwa kelele.

Oliva alimpokea kwa mikono miwili. 

Mzee Kihwele akasema, "Haya, amepokelewa! Na kuku huyu asichinjwe, ana kesi ya kutosha." Wakacheka. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, akasema Wanyakyusa wana mambo, mahari walitoa ng'ombe na radhi wanaomba kwa kuku. Nilikubali. Ni kweli.

Amba hakucheka. Alinisogezea kiti, akaenda kukaa upande wa pili.

Alhamisi, 26 Desemba. Iringa

Mvua imekatika. Kutoka kilimani hapa bonde lote linaonekana.

Amba na Mzee Kihwele wako juu ya paa la jiko tangu saa mbili. Wanagongelea mabati na kubishana kuhusu misumari. "Baba, lete hapa. Baba, si hiyo." Bado inachoma. Nilidhani ingekoma jana. Haijakoma. Nimekunywa chai yangu.

Amba alishuka mara moja kunywa maji. Alisimama karibu nami. Nilimwambia nimekosa. Akasema, "Nimesikia jana, baba." Akapanda tena. Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza.

Oliva alikuja na birika akakaa mbele yangu, kwenye kigoda. Hakujua aweke macho wapi. Mimi pia. Nikajilazimisha kutazama. Ana kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Meno ya mbele yana mwanya. Anafanana na mama yake kwa paji la uso. Nimekuwa baba mkwe wake kwa miezi minane na leo ndiyo mara ya kwanza ninaweza kusema anavyofanana.

Nikamuuliza kovu alilipata wapi. Akasema ni msumari wa karakana, alikuwa na miaka sita, alitaka kumsaidia baba yake. Akataka kucheka, akajizuia, akanitazama kama anayeomba ruhusa.

Nikasema, "Cheka."

Akacheka kidogo tu.

Kisha akauliza aniiteje. Amba husema baba, watu wa Mbeya husema Mwalimu. Nikamwambia achague mwenyewe, asiharakishe.

Hajachagua. Tumekaa tu. Amenimiminia kikombe cha pili.